Ukubwa wa Nchi na Wema wa Serikali: Ushahidi wa Nakivale na Mbarara

Wahenga walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Methali hii twaifundisha darasani kila mwaka, na kwa kawaida twaieleza kuwa ni onyo kwa mtu apuuzaye dalili. Lakini ndani yake imo pia fikira ya utawala. Mbiu haina kazi ila pale walipo wa kuisikia, na mji ambao mbiu yake haifiki ng'ambo ya pili umekwisha kugawanyika, hata kama mtawala wake ni mmoja. Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani, aliuliza jambo lilo hilo katika karne ya 4 kabla ya Kristo: mji ukizidi mno kwa wingi wa watu, ni nani atakayekuwa mpiga mbiu wake?

Tangu hapo wanazuoni wamegawanyika. Montesquieu, Mfaransa, aliandika mwaka 1748 kwamba jamhuri yafaa iwe ndogo, kwa kuwa katika nchi kubwa manufaa ya wote hupotea miongoni mwa mashauri mengi, na raia haioni tena faida iliyo yake pamoja na wenziwe. James Madison wa Marekani alimpinga mwaka 1787. Yeye alisema kwamba udogo ndio hatari yenyewe. Katika nchi ndogo kundi moja likishakuwa wengi ni rahisi kupatana na kuwaonea waliobaki. Bali katika nchi kubwa yenye makundi mengi ni vigumu kundi moja kupata nguvu ya kuwakandamiza wengine wote. Basi kwa yule wa kwanza tofauti za watu ni ugonjwa, na kwa huyu wa pili ni dawa.

Mjadala huu watuhusu sisi walimu wa Kiswahili kuliko tunavyodhani. Tumezoea kusema, katika hotuba na katika dibaji za vitabu vyetu, kwamba nchi yenye makabila mengi hutawalika vizuri ikiwa ina lugha moja ya taifa. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ni kweli kwa kiasi gani? Katika makala haya tumechagua kulipima jambo hilo mahali pamoja tu, nalo ni eneo la Mbarara, magharibi ya Uganda, pamoja na makazi ya wakimbizi ya Nakivale yaliyo kusini-mashariki ya mji huo, karibu na mpaka wa Tanzania.

Nakivale na mataifa yake

Makazi ya Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yaliyo ya kale zaidi katika Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati Watutsi wa Rwanda walipokimbia machafuko yaliyoanza kwao mwaka 1959. Makazi hayo yamelizunguka ziwa lenye jina lilo hilo, na eneo lake ni kama kilomita za mraba 185. Watu waishio humo leo wamezidi laki moja. Wengi wao ni Wakongo, na pamoja nao wamo Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na Wasudani. Kila jamaa hupewa kiwanja cha kujenga na, ardhi ikiwapo, kipande cha kulima. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 imewapa ruhusa ya kufanya kazi na kutembea nchini.

Sasa na tuzitazame nchi walizotoka. Rwanda ina kilomita za mraba 26,338 tu, nayo Burundi inaizidi kidogo. Kila moja kati ya nchi hizo ina lugha moja ya wenyeji isikikayo toka mpaka hadi mpaka. Somalia ni kubwa zaidi, lakini karibu watu wake wote husema Kisomali na kufuata dini moja. Kongo, kwa upande mwingine, ina kilomita za mraba zaidi ya milioni 2.3 na lugha zinazohesabiwa kwa mamia. Toka Kinshasa hadi Goma ni zaidi ya kilomita 1,500.

Lau udogo wa nchi na umoja wa lugha vingetosha kuleta serikali njema, Rwanda na Burundi zisingalitoa mkimbizi hata mmoja, na Somalia isingalivunjika mwaka 1991. Tena lau ukubwa na wingi wa makundi vingetosha, kama Madison alivyotumaini, Wakongo wasingalikuwa ndio wengi katika Nakivale. Hapa pana ushahidi ambao hauwezi kupuuzwa: nchi ndogo na nchi kubwa, zenye lugha moja na zenye lugha mamia, zote zimewaleta watu wake kwenye ukingo wa ziwa moja.

Walakini tusiharakishe kusema kwamba ukubwa hauna maana yoyote, kwa sababu nchi hizo hazikuharibika kwa njia moja. Kongo iliharibika kwa umbali. Amri za makao makuu hazikufika mashariki, barabara zilikufa, askari walioachwa bila mishahara walijilipa wenyewe kwa raia. Rwanda ya mwaka 1994, kinyume chake, iliharibika kwa ukaribu. Utawala wake ulikuwa umepangwa vizuri toka mkoa hata tarafa, na toka tarafa hata kundi dogo la nyumba. Redio ilisikika kila kilima, na lugha yake ilieleweka na kila mtu. Amri ya kuua ilipotoka, ilifika upesi mno. Mbiu ililia ikasikika. Kilichokosekana ni njia ya raia kuijibu na kuikataa. Hili twaomba msomaji alishike, maana tutalirudia.

Mbarara: nchi iliyokuzwa na kugawanywa

Kutoka Nakivale twende Mbarara. Hapo kale Nkore ulikuwa ufalme mdogo. Waingereza walipofika waliukuza. Kwa mapatano ya mwaka 1901 waliunganisha na Nkore nchi za jirani kama Igara, Buhweju, Buzimba na sehemu ya Mpororo, wakaiita nchi yote Ankole, na Mbarara ukawa mji wake mkuu. Mfalme, yaani Omugabe, alijikuta anatawala watu ambao babu zake hawakuwahi kuwatawala, naye mwenyewe akawa chini ya ofisa wa kigeni. Ni ajabu ya historia kwamba siku nchi yake ilipokuwa kubwa ndipo mamlaka yake yalipokuwa madogo.

Watu wa Ankole walisema lugha moja, Kinyankore, lakini hawakuwa na hadhi moja. Bahima walikuwa wafugaji, na kati yao ndimo ilimotoka jamii ya wafalme. Bairu walikuwa wakulima, nao ndio waliokuwa wengi. Utawala wa kikoloni uliifanya tofauti hiyo kuwa ngazi: vyeo vikubwa vilishikwa na Bahima, na Bairu wachache tu walivifikia. Katika miaka ya 1940 Bairu waliosoma walianzisha chama cha Kumanyana, neno ambalo kwa Kiswahili ni kujuana. Jina hilo lilichaguliwa kwa busara. Watu waliosema lugha moja na kuishi nchi moja ndogo walihisi kwamba bado hawajajuana! Serikali kuu ilipoondoa falme zote mwaka 1967, Ankole nayo iliondoka. Na falme zilipoanza kurudishwa mwaka 1993, ufalme wa Ankole haukurudishwa rasmi, kwa sababu wenyewe wa Ankole hawakuafikiana kama waurudishe au la.

Yafuatayo ni mambo mawili yaliyotukia katika nchi hiyo kwa kuachana miaka kumi, na kwa maoni yetu ndiyo kiini cha somo zima.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi waondoke Uganda, na muda waliopewa ulikuwa siku 90. Katika mji wa Mbarara, kama katika miji mingine yote, maduka yalifungwa na wenyewe wakaondoka na mizigo michache. Amri hii ilitoka katikati, kwa mtu mmoja. Bunge lilikuwa limekwisha kuvunjwa tangu mwaka 1971. Mtu wa Mbarara aliyeona kwamba jirani yake anadhulumiwa hakuwa na pa kulisemea hilo, maana serikali ilikuwa mbali na tena ilikuwa na bunduki. Msomaji wa Montesquieu angesema: huo ndio ubaya wa nchi kubwa.

Oktoba 1982 mambo yaligeuka. Wilaya ya Ankole ilikuwa imekwisha kugawanywa katika miaka ya 1970, mashariki ikawa Mbarara na magharibi Bushenyi. Safari hii msukumo ulitoka katika wilaya zenyewe. Viongozi wa chama tawala cha UPC wa mahali hapo, pamoja na vijana wa chama, walianza kuwafukuza watu wenye asili ya Rwanda. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo wakimbizi wa mwaka 1959, lakini walikuwamo pia wazalia wa Uganda ambao mababu zao walikuwa hapo kabla ya mpaka kuchorwa. Makumi ya maelfu walivuka kuingia Rwanda. Wengine makumi ya maelfu walisukumwa kuingia katika makazi ya wakimbizi, Nakivale ikiwa mojawapo. Hivyo mtu aliyelala usiku akiwa mwananchi aliamka akiwa mkimbizi, katika wilaya yake mwenyewe. Msomaji wa Madison angesema: huo ndio ubaya wa nchi ndogo, kwa kuwa wengi wa mahali pamoja walipatana, wakawafukuza wachache, wakagawana mali yao.

Kila mmoja wa wasomaji hao wawili ana sehemu ya ukweli. Lakini tukiyaweka mambo hayo mawili pamoja, twaona kwamba yanafanana katika jambo moja ambalo halihusu ukubwa. Mwaka 1972 hapakuwa na mahali pa kukata rufaa dhidi ya makao makuu. Mwaka 1982 makao makuu yalikuwapo, Bunge lilikuwapo, na mahakama zilikuwapo. Ila ulinzi wao haukuwafikia waliofukuzwa. Dawa ya Madison ilikuwa imeandikwa katika cheti, lakini mgonjwa hakupewa. Ngazi mbili za serikali hazimfai raia kitu ikiwa ile ya juu haiwezi, au haitaki, kuizuia ile ya chini, na ikiwa ile ya chini haiwezi kuikatalia ile ya juu.

Wala dhuluma hiyo haikukoma katika wilaya. Vijana wengi wa waliofukuzwa waliingia katika jeshi la msituni la Yoweri Museveni, lililoshika serikali mwaka 1986. Oktoba 1990 wengi wao walivuka mpaka kuingia Rwanda kwa silaha. Kosa la wilaya ndogo likawa jambo la nchi mbili, na baadaye la eneo zima la Maziwa Makuu.

Mabaraza na wilaya

Baada ya mwaka 1986 serikali mpya ilijaribu kujenga utawala kuanzia chini. Kila kijiji kilichagua baraza lake, na juu yake yakawa mabaraza mengine, ngazi tano kutoka kijiji hata wilaya. Katiba ya mwaka 1995 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 ziliutia nguvu mpango huo. Kwa watu waliotoka katika utawala wa kijeshi, kuketi kivulini na kuamua kesi ya mpaka wa shamba mbele ya jirani zao lilikuwa jambo kubwa, na haifai kulidharau.

Lakini hapa tena twajifunza kwamba ukaribu hautoshi. Uchaguzi wa vijiji uliofanyika mwaka 2001 haukurudiwa hadi Julai 2018. Kwa miaka 17 mwenyekiti wa kijiji aliweza kukaa kitini bila kuulizwa na waliomweka. Wakati huohuo wilaya ziliendelea kugawanywa. Mwaka 1986 Uganda ilikuwa na wilaya 33. Leo zimezidi 130. Mbarara peke yake imezaa Ibanda, Kiruhura na Isingiro, ambamo Nakivale imo sasa, na hatimaye Rwampara. Nao mji wenyewe ukawa jiji mwezi Julai 2020. Wanaotetea mgawanyo huo husema kwamba huduma husogea karibu na wananchi, na kwa mama mjamzito aliyekuwa akitembea siku nzima kufikia hospitali hoja hiyo ni ya kweli. Lakini kila wilaya mpya hutaka ofisi, magari na mishahara, nayo hutegemea fedha za makao makuu kwa sehemu kubwa kabisa ya matumizi yake. Wilaya iliyo ndogo na maskini ipo karibu na mwananchi, lakini haina nguvu ya kusimama mbele ya yule anayeilisha. Mtoto anayelishwa hamkemei mlezi.

Serikali bila uraia

Na sasa turudi Nakivale, kwa maana huko upo utawala ambao Aristotle hakuufikiri. Juu yuko mkuu wa makazi, ambaye ni mtumishi wa Ofisi ya Waziri Mkuu. Chini yake wakimbizi huchagua Mabaraza ya Ustawi wa Wakimbizi katika ngazi tatu, yaliyofuata mfano wa mabaraza ya vijiji vya wenyeji. Katika mabaraza hayo huzungumzwa mambo ya maji, ya usalama, ya mgawo wa chakula, na ya mifugo iliyoingia katika mashamba ya watu. Mkongo, Mrundi na Mnyarwanda huweza kuketi katika kikao kimoja, na mara nyingi lugha inayowakutanisha ni Kiswahili: Kiswahili cha Kivu, Kiswahili cha Bujumbura, na Kiswahili kilichookotwa sokoni. Mwalimu wa sarufi angetia alama nyingi nyekundu. Walakini lugha hiyo inafanya kazi ambayo lugha imeumbiwa, nayo ni kumwezesha mtu kudai haki yake mbele ya mtu asiye wa ukoo wake.

Ni kweli pia kwamba mabaraza hayo hushauri tu, hayaamui, na wakimbizi hawapigi kura ya Uganda. Julai 2010 Wanyarwanda zaidi ya elfu moja ambao maombi yao ya ukimbizi yalikuwa yamekataliwa walipakiwa kwa nguvu katika malori ili warudishwe kwao, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lililaani tendo hilo. Siku kama hiyo baraza la ustawi halina la kufanya. Lugha ya kuuliza ipo, lakini uwezo wa kumlazimisha mtawala ajibu haupo.

Kiswahili na sauti ya kurudi

Hapa ndipo twaweza kujibu swali letu sisi walimu. Historia ya Kiswahili katika Uganda ni somo tosha. Gavana Gowers alipotaka mwaka 1927 lugha hii itumike katika shule na utawala, Kabaka Daudi Chwa aliipinga. Mwaka 1973 Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa baada ya wilaya nyingi kuipendelea kuliko Kiganda. Lakini tangazo lilikuwa amri, na watu wengi waliijua lugha hiyo kwa midomo ya askari kwenye vizuizi vya barabarani. Kilikuwa Kiswahili cha kuamrisha: lete, keti, fungua. Haishangazi kwamba wazee wengi wa Mbarara na Buganda walikichukia. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikafanywa lugha rasmi ya pili. Na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni.

Tanzania, iliyo kubwa kuliko Uganda karibu mara nne na yenye makabila zaidi ya 120, hutajwa daima kuwa mfano wa lugha kuunganisha watu, nasi twakubali kwamba mfano huo ni wa kweli. Lakini Tanzania hiyohiyo, yenye Kiswahili kila kijiji, iliyaondoa mabaraza ya serikali za mitaa mwaka 1972, na huduma za maji, afya na barabara zikadhoofika hata ikabidi mabaraza hayo yarudishwe kwa sheria ya mwaka 1982. Lugha ya taifa ilikuwapo muda wote huo. Kilichopungua ni kikao cha kuitumia kujibu.

Basi hitimisho letu ni hili. Nchi kubwa huhitaji ngazi nyingi za utawala, na nchi yenye watu wa namna nyingi huhitaji lugha ya kukutana. Lakini wema wa serikali haupimwi kwa ukubwa wa eneo wala kwa hesabu ya makabila. Wapimwa kwa kutazama kama mtu mdogo aliyedhulumiwa na ngazi moja anaweza kusikilizwa na ngazi nyingine, kwa lugha anayoijua, na kupata jibu kabla nyumba yake haijachomwa. Lugha moja bila kikao ni kama ngoma ya mfalme, ambayo hupigwa upande mmoja tu. Kikao bila lugha ya pamoja hugeuka soko la wakalimani, na masikini hana wa kumkalimania.

Jambo hili si la zamani tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977 na kufufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, sasa imezipokea Rwanda, Burundi, Sudani Kusini, Kongo na Somalia. Takriban nchi zote zilizojaza Nakivale zimo ndani ya Jumuiya moja. Ikiwa siku moja zitakuwa shirikisho, litakuwa miongoni mwa nchi kubwa kabisa duniani na zenye lugha nyingi kabisa, na Kiswahili ndicho kitakachoombwa kiibebe kazi hiyo. Hatupaswi kuingia katika kazi hiyo kwa nyimbo za kujisifu.

Twapendekeza, kwa hiyo, kwamba mwalimu anapofundisha methali ya mbiu awaulize wanafunzi wake maswali mawili badala ya moja. La kwanza, nani anapiga mbiu, na inafika wapi? La pili, aliyeisikia akiwa na neno la kujibu, atakwenda kulisema wapi, na kwa nani? Wafundisheni kuandika barua ya malalamiko, kuendesha mkutano, kuuliza swali kwa adabu na kulishikilia mpaka lijibiwe. Kiswahili cha kuamrisha kilifika Uganda bila msaada wetu. Hiki kingine ndicho tulichoajiriwa kukifundisha.